Kisu cha mfukoni: Usitazame makali tu, tazama kiungo

Katika maduka na magulio ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, kisu cha kukunja ni bidhaa ndogo isiyokosa mnunuzi. Hupangwa juu ya turubai pamoja na tochi, betri, nyembe na kufuli. Mkulima hukichukua, hukifungua, hupitisha kidole gumba kwenye makali, hupatana bei na kukitia mfukoni. Shughuli nzima huisha kwa dakika mbili.

Kisu hicho hicho ndicho kitakachokata kamba ya gunia la kahawa, kumenya ndizi na kuchonga kijiti. Mwenye kisu akipita kibanjani na kuona jani kavu au chipukizi lisilotakiwa, atakichomoa na kukata. Kwa hiyo, katika wilaya hizi ambako mgomba ni chakula na pia ni fedha, kuchagua kisu ni suala linalohusu shamba zima.

Makala haya yanaeleza namna ya kupima kisu cha bei nafuu kabla ya kutoa fedha, na kwa nini mkulima wa Karagwe na Kyerwa ana jambo moja la ziada la kutazama.

Anza na chuma

Makali ya dukani hayasemi mengi. Karibu kila kisu kipya hukata karatasi, kwa sababu kimetoka kunolewa kiwandani. Swali ni kama kitaendelea kukata baada ya wiki mbili za kazi, na jibu lake limo ndani ya chuma chenyewe.

Visu vingi vya bei nafuu vinatoka China, na baadhi huandikwa aina ya chuma kwenye ubapa. Maandishi hayo yana maana. Kwa mfano, 3Cr13 ni chuma chenye takriban asilimia 0.3 ya kaboni na asilimia 13 ya kromi. Aina ya 8Cr13MoV ina kaboni takriban asilimia 0.8. Kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu na kushika makali, na kromi ndiyo inayozuia kutu. Kwa hiyo kisu cha aina ya kwanza hunoleka upesi na huwa butu upesi, na cha aina ya pili hukaa na makali kwa muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba kugonga mhuri ni rahisi kuliko kutengeneza chuma kizuri. Usinunue maandishi peke yake.

Kipimo cha kwanza ni sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ubapa wa kisu kinachoweza kufanywa kigumu hunasa sumaku vizuri. Usiponasa, huenda ni chuma kama cha kijiko, ambacho hakishiki kutu lakini pia hakishiki makali. Lakini kunasa sumaku si ushahidi kwamba kisu ni kizuri, kwani hata msumari hunasa.

Kipimo cha pili ni tupa, muuzaji akikuruhusu kujaribu sehemu ndogo ya mgongo wa kisu. Jaribu kwanza kwenye msumari ili mkono ujue chuma laini kinavyolika. Kisha jaribu kwenye kisu. Tupa ikila kwa wepesi ule ule, chuma hicho hakikupikwa vizuri. Ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, hiyo ni dalili njema.

Tazama pia rangi ya makali. Ukiona mstari wa kahawia au wa bluu kandokando ya makali, ujue kisu kilipata joto kupita kiasi wakati wa kunolewa kiwandani, na sehemu hiyo imelainika.

Kiungo na loki

Kisu cha kukunja huharibikia kwenye kiungo kabla ya kuharibika makali. Kifungue kabisa, shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya ubapa kwa uangalifu kwa mkono mwingine, kisha kitikise kulia na kushoto, juu na chini. Kikicheza kikiwa kipya, baada ya miezi michache kitakuwa kama mlango uliong'oka bawaba.

Halafu pima loki. Kamata mpini pembeni, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, kisha bonyeza mgongo wa kisu kwenye ubao. Loki ikiachia, rudisha kisu mezani hata kama ni cha bure. Kisu kinachojifunga chenyewe wakati wa kazi hukata vidole vya mwenyewe.

Funga kisu na uangalie ubapa unavyolala ndani ya mpini. Ukigusa upande mmoja, makali yataliwa kila unapokifunga. Mwisho, angalia kama kiungo kimefungwa kwa ribiti au kwa skrubu. Ribiti ikilegea huhitaji fundi wa kuigonga, lakini skrubu unaikaza mwenyewe.

Ubora si lazima uwe na mapambo. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kutengeneza kisu cha Okapi kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika. Kilikuwa na mpini wa mbao, chuma cha kawaida cha kaboni na loki ya mgongoni. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, na bado kinahesabika miongoni mwa visu vya watu wa kawaida. Kimedumu zaidi ya karne moja kwa sababu kinanoleka kwa urahisi.

Mnyauko hupanda kisu

Sasa tufike kwenye jambo la ziada. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao wengi mkoani Kagera wanauita unyanjano, ulithibitishwa nchini mwaka 2006, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Majani huwa ya njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na madoa ya kahawia. Shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuugua.

Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na machipukizi yaliyoambukizwa, na vilevile na vifaa vya kukatia. Kisu kilichokata mgomba mgonjwa hubeba utomvu wenye bakteria hadi mgomba wa pili, na wa tatu.

Kisu cha kukunja kina maficho ambayo panga halina. Utomvu huingia kwenye kiungo, chini ya springi na ndani ya mpini. Mkulima anaweza kusafisha ubapa ukang'aa, akakifunga kisu, na makali yakalala tena kwenye uchafu ule ule. Kwa hiyo kipimo muhimu ni hiki: je, maji yanaweza kupita ndani ya mpini na kutokea upande wa pili? Mpini ulio wazi mgongoni husafishika. Uliozibwa pande zote haufai kuingia kibanjani.

Moto una mpaka

Wakulima hushauriwa kutakasa vifaa kwa moto au kwa dawa ya kuondoa madoa kama Jik. Njia zote mbili ni sahihi, lakini zote zina gharama kwa kisu.

Chuma cha kaboni kikifika nyuzi joto 220 hivi za Selsiasi huanza kuwa na rangi ya majani makavu, na karibu na 300 huwa cha bluu. Kuanzia hapo ugumu wake hupungua na makali hayadumu tena. Wakulima wengine husubiri kisu kiwe chekundu motoni wakidhani ndiyo salama zaidi. Hilo huua kisu bila sababu, maana bakteria hawa hufa kwa joto la chini ya hapo sana. Futa utomvu kwanza, pitisha ubapa pande zote juu ya mwali, kisha dondoshea tone la maji. Likichemka na kukauka papo hapo, joto limetosha. Rangi ya chuma isibadilike. Mpini wa plastiki usikaribishwe motoni.

Jik nayo hula chuma, hata kile kisichoshika kutu, kikiachwa humo muda mrefu. Osha utomvu kwanza, kwani uchafu hupunguza nguvu ya dawa. Tumia kipimo cha afisa ugani, kisha suuza kwa maji safi, kausha na upake mafuta kidogo kwenye kiungo.

Hesabu ya bei

Tuseme kisu kimoja kinauzwa Sh3,000 na kingine Sh9,000. Cha kwanza kikilegea baada ya miezi minne, utanunua vitatu kwa mwaka, yaani Sh9,000. Cha pili kikidumu miaka mitatu, kila mwaka kimekugharimu Sh3,000. Aliyenunua cha bei ya juu ametumia theluthi moja tu ya fedha za mwenzake. Na hapo hatujahesabu migomba itakayong'olewa endapo ugonjwa utaingia.

Hata hivyo, kisu kizuri cha mfukoni si kifaa cha kazi zote. Kwa migomba, tenga kisu kisichokunjwa au panga, na ukitakase kabla ya kuhamia shina lingine. Ua dume usilikate kwa kisu. Livunje kwa mti wenye panda. Ukiona shina lenye dalili, mwite afisa ugani mapema akuelekeze namna ya kuliondoa.

Kisu cha kukunja kibaki kwa kamba, gunia na tunda. Siku kitakapolazimika kukata mgomba, hakikisha kimeoshwa mpaka ndani ya kiungo kabla hakijarudi mfukoni.