Fahamu: Kwa nini moshi wa Mbeya na Iringa huwa mzito asubuhi

Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, moto wa mashamba na nyasi huifunika milima ya Mbeya na Iringa kwa utando mweupe. Asubuhi utando ni mzito, mchana hupungua. Baridi ya usiku hutuliza moshi mabondeni, lakini unyevu wa hewa nao una mchango wake.

Moshi hubeba chembe nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Zenye chumvichumvi hunyonya mvuke na kuvimba. Chembe ya salfeti ya amonia, kwa mfano, hugeuka tone unyevu ukifika takriban asilimia 80. Kwenye asilimia 90 kipenyo chake hukua karibu mara 1.7. Tone hilo hutawanya mwanga mara kadhaa zaidi, na Mlima Loleza wa Mbeya hupotea machoni ingawa moshi haujaongezeka. Moshi mbichi wa nyasi mara nyingi huvimba kidogo kuliko hivyo.

Vipimo vingi vya bei nafuu vya hewa hutumia mwanga, hivyo penye unyevu mwingi husoma uchafu kupita kiasi. Takwimu za alfajiri zisiporekebishwa, zitapotosha.

Dereva unayepita mteremko wa Kitonga, Iringa, utando ukiwa mzito alfajiri punguza mwendo na uwashe taa.