Kusugua Ngozi kwa Vitu vya Jikoni

Mama anayelima, anayefua na anayeteka maji kila siku anajua vile ngozi inavyokuwa. Mikono inakwaruza, viwiko na magoti yanakuwa magumu, visigino vinapasuka na kutoa magaga. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia dukani au sokoni kununua mafuta ya kujipaka, na mara nyingi wanauziwa vitu ambavyo hawajui ndani mna nini. Pesa za mzunguko zinaisha, na ngozi inazidi kuharibika.

Lakini kazi ya kulainisha ngozi inaweza kufanywa nyumbani, kwa vitu ambavyo tayari viko jikoni. Katika ukurasa huu tunaeleza jinsi ya kuvitengeneza, jinsi ya kuvitumia, na mambo ya kujihadhari nayo. Msomeeni mwenzenu asiyejua kusoma, halafu mjaribu pamoja.

Kwa nini tusugue?

Ngozi inajijenga upya kila wakati. Ngozi changa inatoka chini na kupanda juu, na ile ya juu inakufa na kubanduka. Kwa mtu mzima safari hii inachukua kama wiki 4. Ngozi iliyokufa ikichanganyika na jasho na vumbi ndiyo inaleta nongo. Ukiisugua polepole inatoka, na mafuta unayojipaka yanaingia vizuri badala ya kukaa juu juu.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo: kusugua hakumfanyi mtu kuwa mweupe. Kunaondoa nongo na kulainisha, basi. Mtu akikuahidi kwamba mchanganyiko wake utabadilisha rangi yako, ujue anataka pesa zako.

Jambo hili si geni kwetu. Huko pwani, bi harusi husuguliwa mwili kwa singo na kupakwa liwa kabla ya siku ya arusi. Liwa inatokana na mti wenye harufu nzuri, husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo au marashi. Lakini tafadhali, msiende msituni kuchimba msandali kwa ajili ya kazi hii. Mti huo umekatwa mno, na mwaka 2007 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake msituni. Vya jikoni vinatosha.

Njia nne za kutengeneza

*1. Sukari na mafuta* (kwa mikono, miguu na mwili)

Mahitaji: vijiko 2 vya sukari na kijiko 1 cha mafuta ya nazi au mafuta ya maji ya kupikia. Kiasi hiki kinatosha mikono na miguu ya mtu mmoja. Kwa mwili mzima chukua nusu kikombe cha sukari na robo kikombe cha mafuta. Koroga mpaka ifanane na mchanga uliolowa. Sukari ni nzuri kwa sababu inayeyuka kwa maji, kwa hivyo haibaki mwilini. Kama punje ni kubwa sana, zitwange kidogo kwenye kinu.

*2. Machicha ya nazi* (kwa mwili)

Ukishakuna nazi na kukamua tui, usiyatupe machicha yote kwa kuku. Chukua konzi mbili, ongeza kijiko 1 cha unga wa mchele ukiwa nao. Machicha bado yana mafuta ndani yake, kwa hivyo yanasugua na kulainisha kwa wakati mmoja. Yatumie siku hiyo hiyo. Yakilala yanachacha.

*3. Unga na maziwa lala* (kwa uso na ngozi laini)

Chekecha unga wa mahindi kwa chekecheo la matundu madogo, upate ule laini kabisa. Vijiko 2 vya unga, vijiko 2 vya maziwa lala, na asali kijiko kimoja kidogo kama ipo. Acha dakika 5 unga ulainike. Unga ulioota ukungu usitumike, hata kama ni wa kupaka tu.

*4. Kahawa iliyokwisha kupikwa* (kwa viwiko, magoti na miguu)

Unga wa kahawa unaobaki chini ya buli usitupwe. Uchuje, uutandaze ukauke kidogo, kisha changanya vijiko 2 na kijiko 1 cha mafuta. Kahawa ya kuyeyuka ya mkebe haifai kwa kazi hii kwa sababu haina punje za kusugua.

Jinsi ya kutumia

1. Jaribu kwanza. Paka kidogo sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, uoshe, halafu ungoje mpaka kesho. Kukiwa na mwasho au wekundu, acha.
2. Oga kwanza kwa maji ya vuguvugu ili ngozi ilainike. Nusu karai inatosha, si lazima maji mengi.
3. Chukua mchanganyiko kwa vidole, sugua kwa mzunguko, polepole, dakika 2 au 3. Ngozi si sufuria yenye masizi! Ukisikia uchungu, umezidisha.
4. Suuza vizuri. Angalia mahali unapokanyaga, kwa sababu mafuta yanatelezesha. Wazee na akina mama wajawazito wakae kwenye kigoda.
5. Jikaushe kwa kitambaa bila kusugua, na upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Mara moja kwa wiki inatosha, na isizidi mara mbili. Anayesugua kila siku anaondoa hata ile ngozi inayomkinga.

Magaga ya visigino

Loweka miguu ndani ya maji ya vuguvugu kwa dakika 10. Sugua kwa jiwe la kusugulia miguu, usitumie wembe wala kisu. Kausha, hata katikati ya vidole, paka mafuta mengi, vaa soksi safi na ulale nazo. Fanya hivyo kila jioni, lakini jiwe litumike mara mbili tu kwa wiki. Kama magaga yamepasuka mpaka yanatoa damu, usisugue kabisa wala usitie chumvi. Loweka na upake mafuta tu mpaka yafunge.

Mwenye ugonjwa wa sukari asisugue miguu kwa jiwe. Miguu yake inaweza kupoteza hisia, akajikata bila kujua, na kidonda kidogo kikageuka kuwa taabu kubwa.

Pandeni dodoki

Kikundi chenye ua kinaweza kupanda dodoki. Linatambaa kama mboga, linapanda juu ya ua au mti. Liacheni likauke kwenye mmea wake mpaka liwe jepesi na mbegu zilie ndani ukilitikisa. Menya ganda, kung'uta mbegu na uziweke za kupanda tena, kisha osha na uanike. Dodoki moja refu linakatwa vipande vitatu au vinne.

Kila mtu awe na kipande chake. Dodoki la watu wote nyumbani ni njia rahisi ya kuambukizana choa na upele. Baada ya kuoga, liloshe na kulianika juani. Likianza kunuka au kuwa jeusi, litupe.

Usisugue kama kuna haya

• Kidonda, jipu, kuungua, au ngozi iliyotoka kunyolewa.
• Upele unaowasha sana usiku. Huo unaletwa na kidudu kinachoingia ndani ya ngozi. Kuusugua hakuuponyi. Unahitaji dawa ya zahanati, na watu wote wa nyumba hiyo watibiwe pamoja.
• Baka ambalo halisikii ukiligusa. Huenda ni ukoma. Nenda hospitali mapema, ukoma unapona na dawa yake hutolewa bure.
• Mtoto mchanga. Ngozi yake ni laini mno, aoshwe kwa maji na kitambaa laini tu.

Tahadhari na ndimu, soda na mafuta ya kujichubua

Watu wengi hutia ndimu au limau kwenye mchanganyiko. Tunawashauri muache. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi halafu mtu akatoka juani, ngozi inaweza kuungua, kutoa malengelenge na kubaki na mabaka meusi kwa miezi. Magadi na soda ya kupikia pia zinakausha ngozi na kuichoma.

Hatari zaidi ni yale mafuta ya kujichubua. Mengine yana zebaki, ambayo huharibu figo, na mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Mengine yana haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi usiotoka. Kenya ilipiga marufuku mafuta ya kujichubua yenye kemikali hizi mwaka 1998, lakini bado yanauzwa kwa kujificha. Mwaka 2013 nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilitia sahihi Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki duniani. Minamata ni mji wa Japani ambako watu walilemaa na kufa kwa kula samaki wenye sumu hiyo.

Ukiona mkebe hauna jina la mtengenezaji, hauna orodha ya vilivyomo, au unaahidi weupe kwa siku chache, rudisha pesa zako mfukoni. Na kama mwenzenu ameshaanza kuyatumia, msimcheke. Msindikizeni hospitalini, aende na mkebe wenyewe ili daktari auone.

Kuhifadhi

Mchanganyiko wa sukari na mafuta peke yake unaweza kukaa wiki kadhaa ndani ya chupa safi, kavu, yenye kifuniko. Chota kwa kijiko kikavu. Maji yakiingia, viini vinaingia nayo. Chochote chenye maziwa, machicha au maji kitengenezwe cha siku hiyo tu.

Je, tunaweza kuuza?

Vikundi vingi vitauliza hivyo. Anzeni kwa kutumia nyumbani. Wekeni hesabu kwenye daftari: sukari ya kiasi gani, mafuta kiasi gani, chupa, na saa mlizotumia. Bila hesabu hiyo hamjui kama mnapata faida au mnagawa sukari bure. Kabla ya kupeleka bidhaa madukani, ulizeni ofisi ya Shirika la Viwango la Kenya juu ya alama ya ubora. Vitu vya kupaka mwilini vina sheria zake, na kikundi kinachouza bila kibali kinaweza kunyang'anywa mali yote.

Maswali ya kujadiliana

1. Kila mmoja wetu anatumia pesa ngapi kwa mwezi kununua mafuta ya kujipaka? Tukijumlisha za kikundi kizima ni ngapi?
2. Kati ya njia hizi nne, ni ipi inatufaa hapa kwetu, kulingana na vitu tulivyo navyo?
3. Nani ana mahali pa kupanda dodoki, na nani atatafuta mbegu?
4. Kwa nini wasichana wetu wanafikiri ngozi nyeusi haipendezi? Sisi wazazi tunasema nini mbele yao?

Swali la nne msiliruke. Sukari na mafuta zitalainisha mikono, lakini binti anayeambiwa kila siku kwamba ni mweusi mno ataendelea kutafuta ule mkebe.