Sherehe Ipite, Mikoko Ibaki

Wazee wetu wengi wa Unguja na Pemba hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Umri wao ulihesabiwa kwa msimu wa karafuu, kwa masika yaliyozidi, au kwa jambo kubwa lililotokea mwaka huo. Hata hivyo, wapo watoto na wajukuu waliohamia Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na Ulaya ambao huchagua siku moja, wakarejea kisiwani kumpongeza bibi au babu yao kwa kutimiza miaka 80 au zaidi. Dua husomwa, pilau hupikwa, na jamaa waliopoteana huonana. Sisi hatuoni ubaya katika ada hiyo. Kumuenzi mzee angali hai ni bora kuliko kumsifu kaburini.

Tunalopenda kulihimiza ni kwamba furaha hiyo isiishie uani. Ikipangwa karibu na Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1973, au Julai 26, siku ya kuhifadhi mikoko, waliohama watapata nafasi ya kushika miche bega kwa bega na wanakijiji.

Kazi hiyo si pambo la sherehe. Kisiwani Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga, na wakulima wamepoteza mashamba waliyorithi. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi, hushika udongo, na mizizi yake ni malezi ya samaki na kamba. Anayeikata ovyo kwa kuni na kwa kuchomea chokaa anabomoa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Lakini kupanda si kulea. Mlilana huvumilia upande wa bahari. Mkoko hukaa nyuma yake topeni. Mkandaa hupenda juu zaidi, pasipofikwa na maji mara kwa mara. Mche uliochomekwa chini mno, mahali ambapo maji hayakupwi vya kutosha, hufa. Wavuvi na kina mama waokotao chaza wanayajua hayo, na ndio wa kuulizwa kabla picha hazijapigwa.

Huko Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, tangu mwaka 2013 wanakijiji wamepata fedha kutokana na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, na mapato hayo yamesaidia maji na shule. Hawakuyapata kwa shamrashamra za siku moja, bali kwa kuilinda miti na kuipima.

Kwa hiyo tunazo rai mbili. Ndugu zetu waliohama watenge sehemu ya gharama za sherehe iwe ujira wa walinzi wa miche na wa kupanda upya iliyokufa. Nao masheha na maofisa wa serikali, katika taarifa zao, wataje miche iliyo hai baada ya miaka miwili au mitatu, si ile tu iliyopandwa mbele ya mgeni rasmi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanaorejea kwao si wageni. Basi jembe wapewe siku ya kwanza, na watakapoondoka wamwachie mtu wa kulishika.