Kamera Inayoonyesha Picha Huenda Hairekodi

Wenye maduka wengi hugundua kasoro ya kamera zao za ulinzi siku wanapoibiwa. Picha huonekana kwenye runinga kama kawaida, lakini tukio la usiku uliopita halikuhifadhiwa. Picha ya moja kwa moja huendelea kuonekana hata diski ya mashine ya kurekodi ikiwa imeharibika.

Ukaguzi wa kweli, kwa hiyo, ni kurudisha kumbukumbu nyuma kila wiki na kutazama saa kadhaa za siku zilizopita. Diski ikijaa, mashine hurekodi picha mpya juu ya zile za zamani. Tukio lolote la maana linakiliwe mapema.

Saa nayo isisahaulike. Kibetri cha ndani kikiisha, umeme ukikatika tarehe huweza kurudi nyuma miaka mingi. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake hupimwa pia kwa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Tarehe potofu humpa mtuhumiwa hoja.

Kamera moja ikizimika, fundi makini haanzi kwa kuuza nyingine. Huiunganisha kwenye waya na umeme wa kamera inayofanya kazi. Ikiwaka, kosa limo katika waya, kiungio au adapta. Mwambao wa Pwani, viungio vilivyo wazi huliwa na chumvi. Ukungu mweupe wa usiku, mara nyingi, ni utando wa buibui tu mbele ya kioo.