Shauri la Ufugaji Lisipotoke Njiani

Nyumba nyingi za Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, zafuga mbuzi wa maziwa. Mbegu yao ilitoka Norwei katika miaka ya 1980, kwa kazi ya wataalamu wa kilimo wa Morogoro. Mbuzi hao ni faida kubwa kwa watoto, lakini wataka matunzo. Dawa ya minyoo, kwa mfano, hupimwa kadiri ya uzito wa mnyama.

Basi mtaalamu huandika shauri lake ofisini, kwa kompyuta. Mfugaji yuko mlimani, mkononi ana simu ndogo. Ili karatasi ile isomeke vema katika simu, yafaa igeuzwe kuwa ukurasa wa tovuti. Labda mwanao ndiye karani wa chama cha wafugaji, naye ataombwa kazi hiyo. Je, aifanyeje?

Programu ya bure kama LibreOffice yaweza kuhifadhi karatasi hiyo kwa namna ya HTML, yaani lugha ya kurasa za tovuti. Kisha aifungue katika programu ya kuhariri tovuti, aondoe alama za ofisini zisizo na kazi, ambazo hulemeza ukurasa bure.

Lakini hapa pana hatari. Waandishi wengi hupanga safu za hesabu kwa kubonyeza nafasi mara nyingi. Katika karatasi safu hunyooka vizuri. Katika ukurasa wa tovuti, nafasi kumi zinazofuatana huonekana kama moja tu! Safu zasongamana, na kipimo cha beberu mkubwa chaweza kusomwa kuwa cha mwanambuzi. Kosa la namna hiyo si la maandishi tu: laweza kuua mnyama.

Kwa hiyo karani ashike mambo haya. Kwanza, hesabu azitie katika jedwali la kweli, lenye safu na mistari yake. Pili, vichwa vya habari avitie alama ya kichwa, asivinenepeshe herufi tu; hivyo hata kipofu anayesomewa na simu atajua sehemu mpya imeanza. Tatu, picha azipunguze. Picha ya megabaiti 4 hula bando la maskini. Ya kilobaiti 100 mara nyingi yatosha.

Mwisho, asitangaze ukurasa kabla ya kuujaribu. Wakae watu wawili: mmoja asome karatasi kwa sauti, hesabu kwa hesabu, mwingine afuate katika simu ndogo, si katika kompyuta kubwa. Palipo na tofauti, pasahihishwe.

Wazazi, mkiona kijana wenu anarudia kusoma yale yale mara mbili, msimcheke kuwa ni mvivu. Afanya kazi ya mwaminifu. Mfugaji wa mlimani hana karatasi ya kulinganisha. Atatenda kadiri ya yale ayaonayo katika simu yake.