Uhalisi, Usahihi na Uthabiti: Istilahi za Kupimia Mwendo wa Saa

Katika taarifa za maofisa na katika tafsiri za vitabu vya ufundi, neno "sahihi" hutwikwa mzigo mkubwa kuliko liwezavyo kuubeba. Tuchukue mfano. Mtu wa Ng'ambo, kata mojawapo ya mji wa Tabora, ameuziwa saa ya mkononi yenye jina kubwa la Uswisi, kwa bei ya jozi ya viatu. Anaingiwa na shaka na kumpelekea fundi saa. Fundi anaifungua, anaipima, kisha anaandika: "Saa hii ni sahihi."

Je, amesema nini? Yawezekana kwamba saa imetengenezwa na kampuni iliyotajwa usoni pake. Yawezekana kwamba yaonyesha wakati ulio kweli. Yawezekana pia kwamba mwendo wake haubadilikibadiliki. Karatasi hiyo ikifika mbele ya hakimu, neno moja lisilo na mpaka laweza kumtia muuzaji hatiani bila haki, au kumwokoa bila haki. Ndiyo sababu twaona yafaa maana hizi tatu zitenganishwe.

1. Uhalisi

Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani, haiulizi saa inachelewa kwa sekunde ngapi. Yauliza alama iliyobandikwa ni ya nani, na imewekwa kwa idhini ya nani. Sifa inayotafutwa hapa ni uhalisi, na kinyume chake ni ubandia. Tusichanganye "bandia" na "kuigwa": kuiga umbo la kitu si lazima kuwe udanganyifu, bali kukivika jina la mwingine ili kiuzwe kwa jina hilo ndiko kukifanya bandia.

Kinachowatatiza wengi ni mashine iliyo ndani. Viwanda vya China hutengeneza mashine zilizoigwa kutoka kwa mashine ya Kiswisi iitwayo ETA 2824-2. Mojawapo ni ST2130 ya kampuni ya Sea-Gull. Hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani 8 kwa sekunde, na ikirekebishwa vizuri hufanya kazi vyema. Ikitiwa katika kasha lenye jina la kampuni nyingine, saa hiyo ni bandia, lakini mashine haianzi kuchelewa kwa sababu ya jina. Kadhalika saa ya betri ya bei ndogo, ambayo fuwele yake hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kwa kawaida huishinda saa halisi ya kamani kwa kutunza wakati. Basi usahihi si ushahidi wa uhalisi, wala uhalisi si ushahidi wa usahihi.

2. Usahihi

Usahihi ni kulingana na kigezo, na kigezo hakina budi kutajwa. Wakati wa Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, hali Tabora iko karibu na nyuzi 33. Kwa hiyo jua la Tabora hufika utosini, kwa wastani, dakika 49 hivi baada ya redio kutangaza saa sita mchana. Saa inayolingana na jua la Ng'ambo imechelewa kwa redio, na inayolingana na redio imelitangulia jua. Asemaye "sahihi" bila kutaja kigezo amesema nusu ya neno.

3. Uthabiti

Tuseme saa ya kwanza inakimbia kwa sekunde 10 kila siku. Saa ya pili inakimbia kwa sekunde 25 siku ya kwanza, inachelewa kwa 40 siku ya pili, na kukimbia tena kwa 15 siku ya tatu. Atakayezitazama mwisho wa siku ya tatu ataiona ya kwanza imezidi kwa sekunde 30, na ya pili haina kosa lolote. Hata hivyo iliyo bora ni ya kwanza. Kosa lake lajulikana, na fundi akiitia majira litaondoka. Ya pili ina ugonjwa: pengine mafuta yamekauka, pengine mhimili umelika.

Funzo hili si geni Tabora. Burton na Speke walifika Kazeh, iliyo sehemu ya Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na katika safari yao kronomita walizozichukua ziliwaharibikia. Msafiri wa zama zile hakuhitaji saa isiyo na kosa. Alihitaji saa ambayo kosa lake la kila siku lilijulikana, ili ailinganishe na jua na kupata longitudo. Dunia huzunguka wuzi 1 kwa dakika 4. Hivyo kosa la dakika 1 huhamisha mahali kwa kilomita 28 hivi katika ramani ya sehemu za Tabora. Walipokosa saa za kutegemewa, walipima mwezi, na kuhesabu sekunde kwa risasi ya bunduki iliyoning'inizwa kwa uzi. Uzi wa sentimita 99 hivi hufanya kila mbembeo uchukue sekunde 1. Risasi ile haikuonyesha ni saa ngapi, lakini kwa dakika chache ilikuwa thabiti, na hilo ndilo lililotakiwa.

4. Kupima

Chombo cha kusikilizia mapigo huonyesha mwendo wa saa kwa muda mfupi tu, nayo saa yaweza kurekebishwa ipendeze juu ya meza ya muuzaji. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa ISO 3159 hudai kwamba mashine ipimwe siku 15, katika mikao 5 na viwango 3 vya joto. Kwa mashine za ukubwa wa kawaida, wastani wa mwendo usiwe wa kuchelewa zaidi ya sekunde 4 wala wa kukimbia zaidi ya sekunde 6 kwa siku.

5. Istilahi tunazopendekeza

Uhalisi: hali ya saa kuwa imetoka kwa mwenye alama iliyomo.
Usahihi: kulingana kwa saa na kigezo kilichotajwa, wakati wa kupimwa.
Mwendo: kiasi ambacho saa hukimbia au kuchelewa kwa siku.
Uthabiti: hali ya mwendo kutobadilika siku hata siku, na mkao hata mkao.

Kwa istilahi hizi fundi wetu angeliandika: "Alama ya saa hii ni bandia. Kwa kulinganishwa na wakati wa Afrika Mashariki, mashine yake hukimbia kwa sekunde 6 kwa siku, nayo imekuwa thabiti kwa siku 7 katika mikao 5." Hapo hakimu angelijua la kuamua, na mnunuzi angelijua alichokinunua. Wasomaji walio na maneno yafaayo zaidi, hasa yatumiwayo na mafundi wenyewe, tunawaomba watuletee.