Fahamu: Kwa nini maigizo ya majira ya joto yanafifia Marekani

Zamani joto la Julai lilifunga kumbi za New York, maana viyoyozi havikuwepo. Waigizaji wakawafuata matajiri pwani na milimani, wakageuza maghala ya wakulima kuwa kumbi. Usiku walionyesha mchezo mmoja, mchana wakafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo. Katika Cape Playhouse ya Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1927, Bette Davis, aliyekuja kuwa nyota wa filamu, alianza kwa kuwaonyesha watazamaji viti vyao.

Kisha viyoyozi vikaingia mijini, televisheni ikaingia sebuleni. Lakini kwa maoni yangu pigo kubwa zaidi ni gharama. Mfumo huu wa mchezo mpya kila wiki ulibebwa na wanagenzi waliopaka rangi mandhari ya jukwaa, wakashona mavazi na kufagia bila malipo. Wengine hata walilipia nafasi hiyo. Miaka ya karibuni vijana wamekataa kunyonywa, na ni haki yao kabisa. UVIKO-19 nayo ikakausha akiba.

Ogunquit Playhouse ya Maine, iliyoanza mwaka 1933, ingali hai, ila sasa hutegemea michezo mikubwa ya muziki inayokaa jukwaani wiki kadhaa. Kijana anayetaka kujifunza nafasi mpya kila wiki hapati tena shule hiyo kirahisi.